Baba Mdogo na Kitabu cha Watu Mashuhuri

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu. Hujambo huko ughaibuni? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kutudanganya kwenye simu? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa, kama utakavyoona.

Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akikusanya habari za watu mashuhuri wa mji wetu, wanamuziki, wanariadha na wachezaji? Kitabu kimetoka. Kilizinduliwa Alhamisi, ukumbi wa maktaba. Nilikifungua kwa furaha kumtafuta marehemu Baba, kipa aliyepangua penalti ya mwisho tukachukua kombe. Picha ni ya Baba. Jina chini yake la Baba Mdogo!

Naam, huyo huyo. Mtu ambaye enzi hizo kazi yake ilikuwa kubeba ndoo ya maji, na hayo maji akiyamwaga njiani. Alimpelekea mwalimu picha, akajisifu, na mwalimu akaandika yote. Siku hiyo alikaa mbele na suti ya kuazima, akitia saini kitabu asichokiandika. Niliona kinyaa.

Alipopewa kipaza sauti akaanza, "Mpira ulikuja kama kombora..." Mama akainuka na mkongojo wake.

"Shemeji, hebu tuoneshe mkono wa kushoto."

Akauinua, bwege yule, akidhani atapigiwa makofi.

"Vidole vitano," Mama akasema. "Mwalimu, tazama picha."

Pichani Baba ameinua mikono mitupu, na kidole cha mwisho hakipo, kile kilichokatwa na msumeno kiwandani. Mtu akacheka, ukumbi mzima ukafuata. Baba Mdogo akabwabwaja eti kidole kiliota baadaye! Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake mwalimu alikuja kuomba radhi, akabandika jina la Baba katika kila nakala. Mama alimsaidia kupaka gundi. Nikamuuliza kama amemsamehe shemeji yake.

"Nimsamehe nini?" akasema. "Angekuwa na jina lake mwenyewe, asingeiba la ndugu yake."

Msalimie wifi yangu na mapacha. Shangazi na binamu yetu fundi cherehani wanakusalimu. Baba Mdogo hajatuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu akufunike kwa heri, akurudishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikohoa.