Firigisi za Najma

Baba,

Mguu unaendeleaje? Mimi niko mzima, ila nina jambo la kuungama, na ninacheka peke yangu nikiandika.

Jana Akinyi, tunayeishi naye chumba kimoja, alinipeleka kwenye mkahawa mdogo hapa mtaani kwetu Najma, huku ughaibuni, wanakokaanga kuku wa Taiwan. Kipande kimoja ni kipana kuliko uso wangu! Ukikiuma kinalia kra, pilipili inakuwasha hadi masikioni. Nikataka kuongeza, nikaonyesha tu picha ukutani. Likaja bakuli zima la firigisi, Baba! Nikageuka kutazama mlango, kana kwamba utaingia.

Akinyi akasema, "Kula bwana, baba yako yuko Kakamega."

Nikala moja. Nikamaliza zote.

Miaka yote ulituambia firigisi ni ya baba, na msichana akiila anaota ndevu. Leo asubuhi nimejipapasa kidevu mbele ya kioo: hakuna kitu. Kumbe mlikuwa mnatuficha utamu!

Basi mkichinja jogoo Jumapili, firigisi mkatie Mama nusu. Mwambie ni mimi nimemtumia.

Binti yako asiye na ndevu,
Nafula