Ofisini Unafika kwa Miguu

Baba Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Sare za watoto zimekauka, zipige pasi. Gesi inakaribia kuisha, usichemshe maharage.

Asubuhi hii ulipokuwa unaoga, dalali alipiga simu yako nikaipokea. "Hongera mama! Mzee alisaini mkataba wa nyumba jana. Ofisini kwake anafika kwa miguu!" Nikamshukuru kama mtu anayejua. Wewe ukatoka bafuni unapiga mluzi, ukaniuliza shati la bluu liko wapi.

Tumezunguka pamoja kutafuta nyumba mpaka viatu vyangu vimeachia soli. Nilikuambia ile ya karibu na hospitali ni ndogo, lakini nikitoka zamu ya usiku wodini nitawawahi watoto kabla hawajaenda shule. Ukasema, "Tutafikiria." Kumbe anayefikiri ni mmoja. Huko ulikosaini mimi napanda mabasi mawili kwenda kazini, na la kwanza linaanza safari wakati zamu ya asubuhi imeshaanza. Siku tulipoiona nilikuuliza nitafanyaje, ukaniambia nitazoea. Nizoee basi ambalo halipo?

~~Nikirudi jioni tutazungumza.~~

Hapana. Nimempigia dalali, ile ndogo bado haina mtu. Nikitoka kazini napitia kuichukua, kwa jina langu. Pacha wanahamia huko na mimi.

Wachukue shuleni leo, na usiwaambie kitu. Nitawaambia mwenyewe.

Vyumba viwili vinatutosha watatu. Ukitaka tuwe wanne, uombe nafasi.

Mama Pacha