Viko Vilivyonuka Tumbaku

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Tumefunga viko tangu asubuhi. Kazi ile ile: futa, paka mafuta ya karanga, zungushia kitambaa cha gome, laza kwenye ganda kavu la mgomba, funga boksi. Ila leo nimefuta mimi. Khainza amejikata kidole akimenya matoke. Siku zote kufuta ni kazi yake, hataki mtu mwingine aguse. Mke wangu ana mambo yake, sikuwahi kuuliza.

Kiko cha tatu kikanuka tumbaku. Nimeingiza kidole ndani, kimetoka na majivu. Kiko kipya, kimetoka Wanale juzi tu, kina majivu!

Bwana Kimani, Mkenya anayenunua mzigo wetu, alisema wazi: anataka vipya. Kilichopita mdomoni mwa mtu hachukui. Akikuta kimoja tu, biashara imekwisha. Na tangu magereza wanipunguze kazini, nyumba hii ya Mpumudde inaishi kwa viko, hakuna kingine.

Sijamwambia Khainza kitu. Kwanza nichunguze.

Jumanne, 5 Septemba

Nimenusa vyote. Vyote vimevutwa. Kimoja nimekitia mdomoni kabisa, nihakikishe. Tumbaku ya kienyeji, kali, ile ya majani ya kusokota.

Wanaogusa viko hivi kabla yangu ni wachache. Shemeji Mafabi, kaka yake Khainza, anayevichonga kule Wanale kwa mashina ya mibuni mikongwe. Dereva wa lori anayeleta gunia kutoka Mbale. Na Khainza mwenyewe. Uaskari wa jela umenifundisha: wa kumshuku kwanza ni yule anayekuletea chai vizuri.

Alipokwenda kisimani nimenusa gauni lake la gomesi kwenye kamba. Sabuni tu. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 7 Septemba

Jirani anakwenda Mbale. Nimempa uzi mwekundu ampelekee shemeji, gunia lijalo lishonwe nao. Uzi huo ni wangu wa zamani wa kazini, madukani haupo. Dereva akifumua, hataweza kushona tena nisijue.

Khainza ameniuliza uzi ni wa nini. Nimesema gunia linamwaga. Ameniangalia sana. Na mimi nimemwangalia sana.

Jumatatu, 11 Septemba

Gunia limefika. Mshono mzima, uzi ni ule ule. Dereva hana kosa. Nimempa chai, na kumbe wiki nzima nimekuwa nikimtukana moyoni.

Ndani, harufu ile ile.

Basi ni Wanale. Nafikiri shemeji anakusanya viko vikuukuu vya wazee, anavipiga msasa, ananiletea kama vipya. Mtu mpole namna ile! Wapole ndio walionisumbua zaidi jela.

Nimemwuliza Khainza kama kaka yake anavuta. Akasema hapana, hata moshi wa kuni unamkohoza. Nikamwuliza, sasa ni nani mwingine yuko pale anapochongea? Akanyamaza. Akainamia chungu, akakoroga posho, ugali wetu, iliyokwisha kuiva.

Kimya hicho nakijua. Mfungwa aliyeficha kitu chini ya mkeka hunyamaza hivyo hivyo. Asiye na lake hupiga kelele.

Nikasema nitakwenda kuona kwa macho yangu. Hapo akaacha mwiko.

"Usiende bila kutuma habari, baba Amongin. Nakuomba."

Nitume habari ya nini? Ili wafiche? Sasa namshuku hata yeye, na inaniuma. Mke wangu.

Jumatano, 13 Septemba

Nimekwenda. Sikutuma habari.

Kibanda cha kuchongea kiko nyuma ya migomba, chini ya mlima. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Nikajiambia, leo nimewapata. Sikupiga hodi. Askari anayepekua hapigi hodi.

Alikuwa mama mkwe.

Amekaa mkekani, miguu ameinyosha, kiko kipya mdomoni, vingine amevipanga mbele yake. Mungu wangu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumtazama usoni mama huyu. Akiniona njiani huingia shambani, na mimi hugeuka nikaangalia mlima. Kwao Wagisu ndivyo, kwetu Wateso ndivyo. Mkwe haingii alipo mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua anaita kwanza. Akajifunika shuka kichwani, akageukia ukuta. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango.

Shemeji alinikuta kwenye mibuni. Alinieleza huku anaangalia chini. Kila kiko akimaliza kukichonga, mama hukiwasha. Anavuta kidogo, anasikiliza kama moshi unapita, anaona kama mti utapasuka. Kinachopasuka kinakwenda jikoni kuwa kuni. Ndiyo maana hakuna kiko chetu kilichowahi kurudishwa. Na Khainza huvifuta kabla sijavishika, kwa sababu si adabu mkono wa mkwe uguse kilichotoka mdomoni mwa mama. Wote walijua. Kuniambia ndiko kulikowashinda.

Mkono! Mimi nilikitia mdomoni. Hilo sikumwambia. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimemweleza Khainza. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Amekunja nguo zake, amekwenda kwa mama yake.

Nimemkasirikia. Angeniambia tu! Halafu nimefikiri, angeniambiaje? Angeanza na neno gani? Nyumba iko kimya vibaya. Nimekula posho baridi. Mimi ni mjinga, afande mzima.

Jumapili, 17 Septemba

Wazee wa ukoo walisema nitoe mbuzi, aibu iondoke. Nimempeleka. Nimekaa mbali, nyuma ya migomba, mgongo nimewapa wao. Nimesikia mbuzi akilia, halafu wazee wakiongea Kigisu, taratibu. Mama amempokea.

Shemeji ameniletea neno la mama: "Mwambie mkwe sina kinyongo naye. Lakini viko sitawasha tena."

Nimemtuma shemeji akamwombe aendelee kuwasha. Amerudi anatikisa kichwa.

Nimerudi na Khainza. Njiani, tulipofika Iganga, akaomba maji, basi.

Alhamisi, 21 Septemba

Gunia jipya. Nimelifungua kwa hofu. Hakuna harufu hata kidogo. Mti mtupu, safi, kama bwana Kimani anavyotaka. Nikafurahi kama mtoto, nikamwita Khainza aje anuse.

Hakunusa. Ametwaa kimoja, ametia tumbaku, amewasha. Moshi haupiti. Ametwaa cha pili, kikapasuka kuanzia juu mpaka chini. Ameviweka vyote viwili mbele yangu na kurudi jikoni.

Shemeji ana mkono mzuri, lakini ndani ya mti haoni. Hata mimi sioni.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimekaa barazani tangu chai ya asubuhi, nawasha viko. Sijawahi kuvuta maisha yangu yote. Koo linawaka, machozi yanatoka, jirani amepita akauliza kama kuna msiba. Ila nimeanza kusikia. Kinachofaa hupumua taratibu. Kibovu hulia ndani, au hukaa kimya halafu kinatoa mlio mdogo, kinapasuka. Vibovu naviweka kando, kuni.

Khainza amekaa kwenye mkeka, anazungushia kitambaa cha gome, anafunga maboksi. Nimemwambia asifute. Amesema kidole kimepona, anaweza. Nimesema najua, lakini asifute.

Bwana Kimani anakuja kesho. Mzigo wote unanuka moshi. Akiuliza, nitamwambia kila kimoja kimewashwa na kupimwa, kazi hii ilianzwa na mama mkwe wangu, na mimi namalizia. Akikataa, ageuze gari lake arudi Kenya. Tutauza ndizi.

Nimekohoa sana. Khainza ameinuka, ameniletea maji ya kunywa, amekaa tena. Safari hii amekaa upande wangu.