Folda Tupu ya Makurunge

Jumanne, 9 Septemba 2025
Mwezi wa pili wa eda. Chumbani, uani, chumbani. Nimechoka!
Kapiga simu Wilbrodi, karani wa mizani ofisi ya wakulima wa miwa, Makurunge. Mfumo wao wa kompyuta aliuweka marehemu mume wangu, Abuu. Jumamosi anakuja fundi kutoka Dar, ataifuta mashine yote aanze upya. Nikamwambia akopi kwanza folda ya uzito wa miwa. Akaifungua. Tupu!

Jumatano, 10 Septemba
Nimeelewa. Programu imefungiwa ndani ya kontena, yaani kisanduku chake humo kompyutani, kama mimi humu. Folda ya mashine hupachikwa mle ndani, ili kinachoandikwa kibaki nje hata kontena likifutwa. Abuu aliipachika — ila si mahali pake. Programu inaandika pengine. Uzito wa msimu mzima, jasho la wakulima wote, umo ndani tu. Kontena likienda, kwisha. Na watamlaani Abuu kaburini.
Ah, Abuu na haraka zako! Nina hasira naye na sina wa kugombana naye.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemwomba mama mkwe niende Makurunge mchana, nirudi kabla ya magharibi. Bi Kuruthumu hata macho hakunyanyua. Eti mwanawe hata hajapoa kaburini, mimi nataka kupanda bodaboda? Mtaa mzima huu wa Dunda utatutafuna kwa maneno. Kumwambia kosa ni la mwanawe — nimeshindwa.
Wilbrodi anaweza kuitoa data mwenyewe, nimwongoze kwa simu. Lakini lazima aingie kwa nywila ya Abuu. Ninaijua. Ndivyo alivyokuwa akiniita tukishafunga mlango. Hata humu siandiki. Kuituma kwa ujumbe? Simu ya Wilbrodi ni ya ofisi, kila mtu anaipekua.

Ijumaa, 12 Septemba
Leo ndiyo mwisho. Simu anaishika mama mkwe. Nikiongea na mwanamume, lazima spika. Wilbrodi kampa shikamoo, kaitikiwa marahaba. Mama kakaa mkekani na tasbihi yake. Nimemwomba maji ya kunywa, ili atoke. Kasema mtungi uko nyuma yangu.
Kompyuta ya kule ofisini inawaka polepole, ndiyo maana naandika.
Haya, shemeji, herufi ya kwanza? anauliza Wilbrodi.
K, nimesema. I. K. U. B. A.
Tasbihi imesimama.
Wilbrodi, mtu wa bara, anauliza kikuba ndiyo nini. Mama anajua: kishada cha asumini na rihani, mke hukivaa kifuani usiku kwa ajili ya mumewe. Ananitazama.
Shemeji, ndiyo yote?
Bado maneno mawili.