Bwana Turubai Ameshinda, Ambakisye

Ambakisye,

Ugonile, gwe, umelalaje? Ameshinda. Naanza na hilo kabla mkono haujachoka, maana mkono wangu unaujua, ukiandika ukurasa mmoja unauma kuliko ukilima. Bwana Turubai ameshinda. Ndiye mgombea urais wa chama chetu. Redio imetangaza asubuhi nikiwa nakamua ng'ombe. Nilisema au sikusema? Nilisema barazani kwako, nikasema njiani tukitoka kanisani, nikasema hata pale hospitali ukiwa na mpira wa hewa puani: huyu atashinda, huyo mama unayemtaka wewe hauziki. Nikatoka mbio na ndoo ya maziwa mkononi hadi getini kwako, nimeshafungua mdomo kukuita. Ndipo nikakumbuka.

Umefanya vibaya. Mtu habishani na mwenzake muda wote ule halafu akaondoka kabla matokeo hayajatoka. Huko ni kukimbia.

Sasa nabishana na nani? Mwanao Ipyana kazi yake ni "ni kweli baba, ni kweli baba." Nikimwambia mvua ya Rungwe inatoka chini kwenda juu, atasema ni kweli baba. Juzi nilimtukania hata migomba yake nione kama atanijibu. Akasema atairekebisha. Mtoto mwenye adabu kama yule anachosha.

Nimekuwa nikikumbuka siku ile chama kilipotangaza kwamba safari hii wanaotaka urais watazunguka wilaya zote wajinadi, halafu sisi wajumbe tukapige kura za maoni. Kyimo wajumbe tulikuwa mimi na wewe. Ulikuja na redio yako kwapani, ukakaa, ukasema, "Haya Asajile, tuwapime." Kama tunapima ng'ombe wa mahari! Na mimi kwa kupima watu sina mpinzani, hilo hata wewe ulilikubali ukiwa umeshiba. Diwani nilimtabiri. Mwenyekiti wa ushirika wa chai nilimtabiri, watu wakanicheka, akashinda. Hata mzee wa kanisa aliyepita nilimtaja kabla hajajua mwenyewe kama anagombea.

Nilikwambia urais si ushemasi. Kwanza mtu awe na sauti. Pili awe na magari, kwa sababu nchi ni kubwa na hakuna atakayemfuata kwa miguu. Tatu, na hili ndilo kubwa, wale wa upande wa pili wakisikia jina lake wakose usingizi. Mtu mzuri asiyetisha mtu anatufaa nini? Tumeshindwa na watu wazuri mara ngapi? Wewe ukawa unatingisha kichwa tu na kukuna kiganja. Ukasema wewe unauliza swali moja, hali ikiwa mbaya, nani atabaki naye?

Nikasema hilo ni swali la mchungaji.

Halafu huyu wangu akaja Kiwira siku ya soko. Unakumbuka lile turubai? La bluu na nyeupe, kubwa kuliko kanisa letu, na spika kila pembe. Hata hajamaliza kusalimia, mvua ikaja kama mtu kamwaga pipa. Watu wakajaa mle ndani hadi wenye matenga ya parachichi wakayabeba kichwani kwa kukosa pa kuyaweka. Nikakwambia, hesabu hao, Ambakisye, hesabu kama hujaishiwa namba. Wewe ukacheka hadi ukakohoa. Ukasema, "Hao wamekimbia mvua, Asajile. Hata mbuzi angepanda jukwaani leo wangejaa." Hapo hapo ukampa jina la Bwana Turubai, na mimi nikakununia hadi tunafika nyumbani. Leo Kyimo nzima hawamwiti kwa jina lingine, na ndiye mgombea urais. Ona kazi yako.

Na wako, yule Mama Miwani, akaja Ikuti na gari moja lenye tope hadi kwenye vioo. Mwembamba, anaongea polepole kama anayekuelekeza namna ya kumeza dawa. Mimi sikwenda. Nilisema goti linauma, lakini ulijua haliumi. Ukaenda peke yako.

Ulirudi jioni ukapitia kwangu kabla ya kwenda kwako, maji yanakuchuruzika hadi kwenye mkeka wa mke wangu, na uso unang'aa kama wa bwana harusi. "Imenyesha toka alipoanza hadi alipomaliza," ukasema, "na hakuna aliyeondoka. Sasa nipimie hao." Nikakujibu kwamba watu wa Ikuti wanachuma chai ndani ya mvua kila siku ya Mungu, kwao kusimama kwenye mvua si habari. Jibu zuri lile. Ndipo nikaona mwamvuli wako mkononi, umekunjwa, umefungwa na kifungo chake. Nikauliza, na huo ulikuwa wa nini? Ukasema nyuma yako walisimama akina mama, ungewaziba wasione.

Ambakisye! Mtu mzima, kifua chako kile, mwamvuli mkononi!

Daktari alisema kifua kilikuwa kibovu siku nyingi. Mimi sikubali. Ni Ikuti. Ni ule mkutano. Umekwenda kulowa kwa ajili ya mtu asiyejua hata jina lako, ukarudi na kichomi, na kichomi hakikuuliza kama hoja zako zilikuwa nzuri. Nilikuja hospitali kila siku, tena kwa miguu kutoka stendi, na kila siku tulibishana, na manesi wakawa wananitoa nje. Ile mara ya mwisho hukuwa na pumzi ya kubishana. Ulinishika mkono ukasema, "Hata nikifa, kura yangu usiiguse." Nikacheka. Nikakwambia utaipiga mwenyewe na utashindwa mwenyewe.

Sasa nikwambie ya msiba wako, kwa sababu najua watakuwa wamekwambia nusu.

Turubai nililileta mimi. Ndiyo, lile lile. Anga lilikuwa jeusi toka alfajiri, mkeo analia, Ipyana anazunguka na maturubai mawili ya kuanikia mahindi. Nikawapigia watu wa Mheshimiwa kule Tukuyu. Simu moja tu. Nani mwingine Kyimo anapiga simu moja turubai kama lile linakuja? Likafika na gari lao, likafungwa vizuri, na watu wakakaa pakavu wakala ndizi za mbalaga na nyama wakakusifia. Sikuombi msamaha. Lilikuwa turubai zuri.

Na watu walikuja. Waliojaa Kiwira siku ile ni mchezo. Ikuti walikuja, Waislamu wenye maduka kule Tukuyu mjini walifunga maduka yao wakaja, hata yule uliyegombana naye mpaka wa shamba alikuja akashika jembe. Nikawa nimesimama kwenye nguzo nikijiambia, sasa Ambakisye angesema nini? Angesema hawa wamekuja kula, wamekuja kukaa pakavu. Nikawa nakusubiri useme.

Mchungaji yuko katikati ya mahubiri, sanduku liko mbele yetu, nikaona vijana wa gari wanalegeza kamba. Nikamfuata mkubwa wao. Nikamuuliza, kijana, unafanya nini? Akasema, "Samahani sana mzee wetu, Mheshimiwa ana mkutano mwingine Kiwira mchana huu, na turubai ni hili hili." Nikasema marehemu bado yuko hapa. Akasema, "Tunaelewa mzee, poleni sana." Na mikono yake haikusimama. Anaongea na mimi kwa heshima zote, na mikono inafungua kamba.

Mimi! Mimi niliyewakusanyia watu kata nzima! Nilikuwa na fimbo, na sikuinyanyua. Nilishindwa kufanya fujo mbele ya sanduku lako. Hilo nalo nakudai.

Likashuka. Wakalikunja, wakalipakia, gari likaondoka likirusha tope. Hazikupita dakika, mvua. Si manyunyu. Ile yetu.

Nakwambia kweli, Ambakisye, nilitaka wakimbie. Nilikuwa naangalia migombani, naangalia varanda ya kwako, nikasema angalau wachache tu wakimbie, nipate cha kukucheka nacho. Hawakukimbia. Mchungaji aliificha Biblia ndani ya koti akaendelea kwa kichwa. Akina mama wakainua wimbo. Tukakubeba kwenye utelezi, mimi mbele kulia, nguvu ninazo bado, na wale wa maduka na suruali zao za kupiga pasi wakafukia tope kwa mikono. Siku zote nikiona watu nahesabu. Siku ile sikuhesabu.

Usifurahi lakini. Mama Miwani wako hakuja. Hakutuma mtu, hakutuma hata neno la pole kwa simu. Watu wake nao wanazo namba zetu. Mmoja alikunyang'anya turubai na mwingine hakujua umekufa. Hao ndio tuliokuwa tunawapima hadi chakula kinapoa.

Siku ya kura tulikwenda Tukuyu. Ukumbi umejaa, wajumbe wa Kiwira wamevaa kofia mpya. Kiti chako waliacha wazi, wakasema nafasi ya marehemu haijazwi hadi uchaguzi wa ndani. Nikaweka kofia yangu juu yake asije mtu akakaa. Wakanipa karatasi. Nikaingia nyuma ya kitambaa na kalamu yao ya kamba.

Nilimpigia Mama Miwani.

Usishangilie, nisikilize kwanza. Mimi sijabadilika. Mimi bado nasema hauziki, na akisimama na wale wa upande wa pili watamla asubuhi. Ila uliniambia kura yako nisiiguse, na sikuigusa, nimeipeleka tu. Anayepaswa kulalamika ni mimi. Mimi, Asajile, mjumbe wa siku zote, mwaka huu sijapiga kura. Wewe umepiga.

Wakatangaza pale pale ukumbini. Bwana Turubai kachukua karibu zote. Mama Miwani kura zake zilikuwa chache hadi wale wa kofia wakaanza kucheka na kugeuka geuka, "Ni akina nani hao? Wasimame tuwaone!" Na nchi nzima imekuwa hivyo hivyo. Sikusimama. Unajua mimi kukaa kimya ni kama kumeza mfupa.

Toka redio itangaze, watu wanakuja kunipongeza. "Mzee Asajile, ulisema!" Wananipa mkono barabarani. Nilisema, ndiyo. Na siwezi kuwaambia lingine, kwa sababu nikiwaambia watasema nimechanganyikiwa kwa msiba. Nina ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kupata na hauna ladha hata kidogo. Nimepima sawasawa, Ambakisye. Mwenye nguvu nilimjua. Sikujua tu kwamba ni nguvu ya kubomoa turubai juu ya maiti. Na ndiye tutakayemnadi. Mwenyekiti wa wilaya ameshanitumia salamu, eti kampeni ikianza nikae mbele, mimi ni mtaji wa chama.

Mkeo alipogawa vitu vyako alinipa mwamvuli. Nilitaka redio. Akasema, "Hapana shemeji, yeye mwenyewe angetaka uchukue huu." Nimeuning'iniza mlangoni, na kila nikitoka unanigonga bega.

Kwa hiyo nakuahidi, na unajua nikisema kitu hata mke wangu hanitoi. Atarudi Kiwira na turubai lake, na itanyesha, maana Kiwira hainyeshi lini? Watajaa. Wataniita kwa spika nije mbele nikae kwenye kiti. Nitakwenda, chama ni changu. Lakini nitasimama nje, barabarani pale anaponiona, na mwamvuli wako mkononi.

Sitaufungua.

Ndaga fijo, asante sana, Ambakisye. Lala. Kifua chako sasa hakikohoi, na mimi nitakohoa kwa ajili yetu wote wawili.

Ni mimi,
Asajile, Kyimo