Maji ya Kahawia Niliyoyamwaga

Tonton,

Arobaini yako imepita. Watu wamesoma dua, wamekula, wamerudi kwao Kabondo. Mimi nimerudi maabara ya chuo, kwenye meza yako, mjomba wangu wa kazi, na nina jambo la kuungama. Usinikasirikie kabla sijamaliza.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapasua betri za redio zilizokufa ili tupate ule unga mweusi? Tukitia kidogo ndani ya eau oxygénée, dawa ya vidonda, povu linapanda na hewa inatoka. Tukiuosha unga na kuupima tena, haujapungua. Nilikuuliza mbona hauishi. Ukasema, "Sifa, hii unga iko sawa chef: inatumikisha bengine, yenyewe haichokaka." Halafu ukachungulia mlangoni, usije ukawa umesikiwa na mtu wa Chama, maana mkubwa wa nchi hachekwi. Nilicheka mpaka machozi.

Wewe ulitaka unga laini zaidi. Gogo linafuka moshi tu, ulisema, lakini vijiti vinashika moto mara moja. Basi ukayeyusha permanganate, ile dawa ya zambarau ya farmasi, ukadondosha lotoko, pombe kali ya mama wa jirani, na maji ya zambarau yakageuka kahawia. Tukachuja ili tuupate unga. Karatasi ikabaki karibu tupu. Mara tatu, Tonton! Mara ya tatu ukaitazama mikono yako, ukasema, "Bon, nimezeeka." Homa ikakuchukua na neno hilo moyoni.

Wiki iliyopita nilirudia kazi ile, kwa ubishi tu. Siku hiyo bomba lilikuwa kavu, sikuwa na maji ya kuoshea vyombo, nikaacha yale maji ya kahawia yaliyopita kwenye karatasi. Siku nne hayakutulia! Nikashangaa. Maji ya mto tukiyaacha kwenye ndoo, kesho yake tope liko chini. Uchafu gani huu usiotaka kulala?

Nikachukua chupa mbili za eau oxygénée. Moja nikaiacha hivyo hivyo, ikanyamaza. Ya pili nikaitia matone ya yale maji, na povu likapanda hadi mdomoni. Nikaingiza kijiti chenye kaa jekundu, kikawaka ndimi za moto. Nikatia chumvi kwenye maji yaliyobaki, na polepole unga ukashuka. Nimeukausha, nikapima kiasi sawa na cha ule wa betri. Kwa kupandisha povu, wako umeushinda mbali.

Unga wako ulikuwepo, Tonton. Chembe zake zilikuwa ndogo hata karatasi haikuzishika. Zilipita na maji, na mimi, mwenye haraka ya usafi, nilizimwaga nyuma ya maabara mara zote tatu, bila hata kukuuliza. Inaniuma. Ninajiuliza pia mambo mengi: ni ndogo kiasi gani? Kwa nini chumvi inazishusha? Ungekuwepo tungebishana mpaka jioni.

Profesa ameona povu. Amenipongeza mbele ya wanafunzi, "Bravo, citoyenne," kama Chama kilivyoagiza tuitane wananchi, na mimi sikulitaja jina lako. Nilifurahi, sitakuficha. Usingizi umenikataa tangu hapo.

Basi lala salama, Tonton wangu, Mungu akupe nafasi njema peponi. Kesho asubuhi, kabla Profesa hajakaa, nitamwambia mbele ya wanafunzi walewale: unga huu alitangulia kuutengeneza Tonton Asumani, mikono yake haikukosea, na aliyekuwa anaumwaga ni mimi.

Mtoto wako,
Sifa