Nani Akae Hapa?

Kaka Wasswa,

Ukurasa wako uliendelea kuposti. Wewe umeshazikwa kwenu Masaka, pacha wako Kato amenitumia picha nikaona migomba ya mamako na udongo bado mwekundu, na huku Ijumaa ikifika simu yangu inalia, picha yako mpya hiyo hapo, boti ya abra ya buluu inang'aa kama kwamba umeiweka mwenyewe sasa hivi ukaenda kunywa chai. Watu wanabonyeza moyo. Mwengine anauliza, bado ipo hii? Namjibu ipo. Nitamjibu nini?

Nimechoka, kaka. Nakwambia wewe kwa sababu kila ninayemwambia hapa ananipa pole halafu anaangalia saa.

Na wewe ndiwe uliyetaka tupange mapema. Getini kwako mlinzi haruhusiwi simu, na mimi hapa dukani madam akiniona nimeinamia kioo ananiuliza kama nimekuja kuuza fremu au kuchati. Basi kila mwisho wa mwezi ukiniletea michoro yako, tunaipiga picha hapo kwenye mlango wa vioo baada ya Alasiri, jua likigonga jengo la mbele na kurudi kwetu limepoa. Mimi naandika maneno, wewe unayakosoa, tunaiwekea kila picha Ijumaa yake ijitokee yenyewe, watu wakiwa off wamelala na simu zao. Ukafariki Julai, usingizini, kule kwenye kambi yenu ya wafanyakazi Muhaisnah, hapa hapa Dubai, na Ijumaa zako za miezi kadhaa zikiwa zimeshapangwa. Ningeweza kuzizuia. Nilijaribu, wallahi. Kidole kinafika pale pa kufuta, kinarudi.

Unakumbuka ulivyoingia dukani mara ya kwanza? Sare imepigwa pasi, kofia kwapani. "Nyabo, vile vipande vya kadibodi mnatupa, naomba." Nikadhani unataka kuziba dirisha la kambini, jua lisiwaamshe mliotoka zamu ya usiku. Nikakupa rundo zima. Ukarudi na kimoja, na juu yake umechora abra inavuka hori la Khor kwenda Deira. Mimi mtu wa Mombasa, nimekulia Likoni, vyombo vya kuvusha watu nimeviona mpaka nimevichoka, lakini pale nilisikia ubao wa moto chini ya mapaja yangu. Nikakuuliza umesomea wapi kuchora. Ukasema, getini. Ukaita banange, jamani yenu ile, ukacheka peke yako mpaka wateja wakageuka.

Lile pengo kwenye michoro yako, watu wanadhani lilikuwa ujanja wa biashara. Uongo mtupu. Ulikuwa umewakalisha abiria wote kwenye ule ubao wa katikati, mgongo kwa mgongo wanatazama maji, imebaki nafasi ya mtu mmoja, ukaitwa kazini kushika zamu ya mwenzako. Nami sikuwa na subira, nikaiposti vilevile. Sikujua niandike nini. Nikaandika, nani akae hapa?

Lo! Tulikuwa tunaposti wiki hadi wiki, tumeweka hashtegi zote za Dubai, anaona nani? Binamu yangu na yule jamaa anayeuza miwani. Lakini siku ile watu walijibu. Yule yaya wa Al Warqa aliandika jina la bintiye aliyemwacha akiwa hajaota meno. Dereva mmoja wa basi la kampuni akataka babake. Wewe ukaomba picha za pasipoti, ukawakalisha mmoja mmoja, wadogo kama maharagwe, lakini mwenyewe akimwona anamjua. Yaya alipokuja kuchukua yake aliishika palepale kwenye kaunta akalia, madam akatoka nyuma akidhani tumemuibia.

Tangu hapo kila picha ikatoka na pengo lake. Na wewe kama kawaida yako ukaweka sheria. Wa kukaa humo ni mtu aliye hai ambaye hajafika. Yule mzee wa Kihindi alipokuja kukuomba umkalishe marehemu mkewe, ulimletea kiti, ukamnunulia maji, ukamkatalia. Alipotoka nilikugombeza. Ukaniambia, "Abra ni ya kwenda na kurudi, nyabo. Huyo nitamrudishaje?"

Mama za watu wote uliwakalisha. Wako nikikuuliza, unasema, "Wangu atakuja kwa miguu yake. Kwanza apate pasipoti." Ulimpangia mpaka benchi la kupumzika, pale kituoni Bur Dubai chini ya paa, mahali utakaposimama umpokee akitoka ng'ambo. Mwanamume mzima, unanionyesha mahali utakaposimama.

Tukagombana pia, tusijifanye malaika. Mimi nilitaka nikupige picha na sare yako ukiwa na brashi. Nilikwambia hiyo ndiyo itakayouza, watu mtandaoni wanapenda mlinzi anayechora kuliko mchoro wenyewe. Ukaninunia wiki nzima. "Wananunua abra ama wananunua kofia?" Basi tukaonyesha mkono tu, mkono na brashi, hata kifungo cha sare kisionekane.

Sasa sikia walivyonifanyia.

Nilipotangaza msiba, wafuasi wako walikuja wote. Wanakupenda, kaka, sikatai. Wanakupenda vizuri sana kwenye simu. Halafu miezi michache baadaye, Ijumaa moja, ikajitokeza ile ya mwisho, ile ambayo hukuwahi kuimaliza: maji ya kijani, nahodha amesimama kwenye shimo lake katikati, ubao umejaa, limebaki pengo moja kwenye kona. Na maneno yangu chini yake, niliyoyaandika tukila sambusa: nani akae hapa?

Wote wakajibu neno moja. Wasswa.

Mwekeni Wasswa. Akae mwenyewe. Na kofia yake. Nilikaa na simu mkononi, kila nikiisoma moja inaingia nyengine. Akajitokeza mchoraji mmoja wa huku, kijana mzuri, mkono wake ni mzuri kuliko wako na hutanipiga nikisema hivyo, akasema atakumalizia bure kwa heshima. Kisha mama mmoja mwenye mkahawa kando ya ule mfereji mpya akaandika anaitaka ukutani kwake, nitaje bei mwenyewe, sharti lake ni moja. Ukae kwenye boti na sare ya ulinzi. Kila siku ananiuliza, umeamua nini, dear?

Kila siku! Na mimi mkataba wangu umeisha, nimekata tikiti, narudi Mombasa nisirudi tena huku. Picha yenyewe ilikuwa kwangu Mankhool nyuma ya kabati, mwenzangu wa chumbani akifungua mlango unaigonga, analalamika. Nikimpa yule mama, watu watafurahi, watapiga picha na chakula chao mbele yako. Nikimnyima, wataniuliza mimi ni nani kwako. Kweli, mimi ni nani kwako? Hatukuzaliwa tumbo moja, hatuna dini moja, hata Kiswahili chetu si kimoja. Ni mtu aliyekupa vipande vya kadibodi.

Nikampigia Kato. Jamani, hukuniambia mnafanana sauti! Alivyosema haloo tu nikakata simu. Nikapiga tena, nikamwomba radhi, nikamwambia naomba kusema na mama. Mama na Kiswahili chake cha sokoni, Kato anatafsiri panapokwama. Nikamweleza yote, boti, pengo, mkahawa, kwamba watu wengi wanataka mwanawe akae pale.

Kisha akasema, na hili alilisema mwenyewe bila Kato, "Mwanangu asikae hapo. Yeye huko alifika, alikaa, amemaliza. Mimi ndiye sijafika."

Nikachukua risiti, nikayaandika maneno yake nyuma.

Na hakuishia hapo, mamako si mchezo. Akataka kujua watu wa humo wamevaa nini. Nikamwambia wa kila aina. Akasema basi yeye gomesi ya kijani kibichi, ile ya harusi ya Kato, siyo ya kazi. Mkoba apewe mapajani na aushike kwa mikono miwili, kwa sababu anasikia huko watu ni wengi. Nikacheka, kaka. Tangu Julai nilikuwa sijacheka. Akauliza atazame upande gani. Nikamwambia wote wanatazama maji. Akasema la, yeye ageuze shingo kidogo, atazame pale mwanawe aliposema atasimama kumpokea. Kumbe ulimwonyesha na yeye, kwa simu.

Yule kijana nilimshukuru, nikamwambia pana mtu wa kumaliza. Mtu mwenyewe mimi. Usinitazame hivyo. Rangi zako zilibaki huku chini ya kaunta, na uliniachia nikuchanganyie buluu mara ngapi? Ijumaa asubuhi kabla hatujafungua niliileta picha dukani, nikakaa kwenye stuli yako. Yale mabega ya gomesi yaliyochongoka yamenishinda, moja liko juu kuliko jengine, mamako anaonekana kama anayeuliza bei na kuiona ghali. Mkoba umekuwa mkubwa kama gunia la mkaa. Lakini uso niliufanya ulivyonifundisha, tone moja la kahawia na mkono unaondoka. "Ukigusa mara mbili, nyabo, umemwua." Sikugusa mara mbili. Nilitaka sana. Nikaosha brashi haraka nisije nikashawishika.

Wallahi amekaa. Kakaa pale kana kwamba aliwahi nafasi kabla yetu sote, shingo imegeuka, anakutafuta.

Nikangoja Alasiri, nikaipiga picha mlangoni kama siku zote, nikaiweka kwa mkono wangu. Sikuandika swali. Niliandika tu kwamba huyu ni mama yake Wasswa. Kuna walionuna. Mmoja akauliza nani kachora huyu mama, mbona mabega hivyo. Nikamjibu, mimi. Yule mwenye mkahawa nilimwambia haiuzwi, akanitumia vile viganja viwili vya kuombea, akaacha kuniuliza. Yaya wa Al Warqa hakuandika kitu. Alikuja dukani siku yake ya off, akaitazama, akaninunulia juisi, tukakaa.

Ukurasa nauacha ulivyo. Ya kujitokeza Ijumaa ijayo haipo tena, nimeangalia, foleni imekwisha. Nilidhani nitalia nikiiona iko tupu. Nililala saa zote za mchana kama mtu aliyetolewa drip.

Haya, kaka, niruhusu nifunge virago. Nakuahidi hili na ulishike: picha siitumi kwa mtu wala kwa mzigo. Naibeba mwenyewe, nimeifunga kwa kanga zangu mbili. Nikishawaona watu wangu Mombasa napanda basi mpaka kwenu, naiweka mikononi mwa mamako, nakunywa chai yake, na tusipoelewana maneno tutaitazama. Halafu nitakuja pale kwenye migomba nikusalimie, nikwambie ana kwa ana kwamba mabega yalinishinda.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenikataza kumharakisha nahodha. Tukiwa tumekaa pale kituoni tunaungua jua, mimi naguna mbona hatuendi, unaniambia abra haina saa, inangoja mtu wa mwisho tu. Huyo akishaweka mguu ndani, kamba inafunguliwa. Basi mimi nilikuwa nimeishika kamba yako, kaka, miezi yote hii, nikidhani naitunza.

Mamako ameshakaa. Imejaa. Yalla, nenda.

Dadako,
Zuhura